Safu ya Nafasi

Daftari lilikuwa wazi juu ya meza ya chakula, limekandamizwa na kikombe cha chai iliyopoa ili feni isilifunge. Mpwa wangu alikuwa amepiga safu tano kwa rula: chuo, ada ya maombi, siku ya mwisho, maprofesa, nafasi. Safu nne za kwanza aliziandika mara moja akaziacha. Ya tano ilikuwa imeandikwa, ikafutwa, ikaandikwa, ikafutwa, hata vumbi la raba lilikuwa bado limelala kwenye mkunjo wa kurasa, la kijivu, kama majivu ya udi chini ya chetezo. Mbele ya chuo kimoja niliona kivuli cha 15, juu yake kivuli cha 8, na juu ya vyote viwili 20 iliyokolezwa na mkono wa mtu aliyeamka siku hiyo na moyo mkunjufu. Mstari wa chini yake karatasi ilikuwa imesuguliwa ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Zote zilikuwa asilimia. Asilimia za kuitwa Marekani kusomea shahada ya uzamivu katika kemia, na aliyezitoa ni mwombaji mwenyewe, kwa penseli, saa nane za usiku. Nilipomsikia anatoka chumbani nikajifanya natafuta kijiko. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mama." Akalifunika daftari kwa kiwiko, taratibu, kama anayefunika chakula kisiingie nzi, akauliza huku akitazama pembeni: "Hivi nafasi yangu unaionaje?"

Nafasi. Neno hili nimeishi nalo kama mtu anavyoishi na kiti cha nyumbani, bila kukitazama. Kondakta wa daladala hulipigia kelele asubuhi nzima, nafasi ipo, nafasi ipo, na abiria wa mlangoni ana mguu mmoja tu ndani. Mgeni tunamwambia akipata nafasi apite. Gazeti linatangaza nafasi za kazi. Mtoto anarudi na ripoti, ameshika nafasi ya tatu. Anayeshinda kazini mpaka usiku hana nafasi. Mahali, wakati, cheo, fursa, uwezekano: vyote vimepanda gari moja. Anayejua Kiarabu atasikia pumzi ndani yake. Na ukiondoa irabu moja tu, ile a ya katikati, kinachobaki ni nafsi. Sidhani kama huo ni mzaha wa lugha peke yake. Mpwa wangu anaandika uwezekano. Anachokitafuta ni mahali pa kuketi. Na kila anaposhika raba, anachokipima ni nafsi yake. Ndiyo maana karatasi inachubuka.

Laiti uwezekano huo ungekuwa mali ya mwombaji, kama urefu wake au kundi lake la damu, angeupima nyumbani akalala. Lakini kiti cha daladala hakimo mfukoni mwa abiria. Kinategemea gari lililokuja, waliopanda Mbagala kabla yako, atakayeshuka kituo kinachofuata, na kondakta ameamkaje. Mahali fulani Ohio au Oregon, wahadhiri wachache wa idara ya kemia watafungua mafaili ya watu wasiowajua, jioni, baada ya vipindi, na chai yao pia itapoa. Julie Posselt, mtafiti wa elimu aliyeruhusiwa kuketi ndani ya vikao vya namna hiyo, alichapisha kitabu juu yake mwaka 2016, na ukikisoma unaiona hali ya kibinadamu kabisa: namba zinaheshimiwa sana mwanzoni, rundo linapopunguzwa, kisha wakibaki wachache mabishano yanahamia kwenye mambo yasiyo na namba. Huyu anafanana na kazi zetu? Yule ataweza kukaa miaka mitano na swali moja? Na juu ya yote kuna fedha. Mwanafunzi wa uzamivu wa sayansi kule kwa kawaida halipi ada, analipwa posho, kutoka katika ruzuku ya profesa au kwa kufundisha maabara za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kila kiti kina bei, na anayeilipa ni mtu ambaye mwombaji hajawahi kumwona. Mapema mwaka 2025, fedha za utafiti za serikali ya Marekani zilipotikiswa, shule ya tiba ya UMass Chan huko Massachusetts ilizifuta ofa za uzamivu ilizokwisha kuzitoa. Juni mwaka huo huo likatoka tangazo la serikali hiyo lililowafungia Warundi, pamoja na raia wa nchi nyingine kadhaa, viza za masomo. Kijana mwenye barua ya kukubaliwa mkononi angeandika asilimia mia moja katika safu yake Jumatatu, na angekuwa amesema kweli, kwa Jumatatu ile.

Mzigo, hata hivyo, ni wa abiria, na hapo ndipo mizani huanza vituko. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wastani wa alama huhesabiwa mpaka 5. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 mpaka 4.3 ni la pili la juu. Mpwa wangu ana 4.2, na siku matokeo yalipotoka tulichinja kuku wawili. Fomu ya kwanza aliyoifungua ikamkatalia: kisanduku kinapokea mwisho 4.0. Akaitazama ile rangi nyekundu akacheka, kwa sababu kwa dakika chache alikuwa mwanafunzi bora kupita ubora wenyewe. Kisha akafanya hesabu ambayo kila mtu huifanya, akagawa kwa 5 akazidisha kwa 4, akapata 3.36, na kicheko kikakatika. Ile 3.36 haisemi kwamba kwetu A huanzia sabini, na kwamba mtu anaweza kuikosa A ya kemia hai kwa alama mbili huku darasa zima likiwa limeachwa nyuma. Kule sabini ni C, alama ambayo mzazi huulizia. Ziko kampuni za kutafsiri alama, kwa malipo, nazo hufanya kazi nzuri, lakini hakuna iliyokwisha kubuni namna ya kutafsiri maabara yenye mizani moja ya kidijitali kwa wanafunzi arobaini, au umeme uliokatika dakika ya hamsini ya jaribio la dakika sitini. Ukiniuliza mimi, hiyo dakika ya hamsini ingestahili safu yake.

Mtihani wa GRE, ambao waombaji wa namna hii walitakiwa kuufanya, ulikuwa ukitarajiwa kuwa mizani isiyopendelea mtu. Idara nyingi za sayansi zimeuacha, hasa tangu mwaka 2020, korona ilipofunga vituo vya mitihani, ingawa ubishi ulianza kabla. Mwaka 2014 wanasayansi wawili, Casey Miller na Keivan Stassun, waliandika katika jarida la Nature kwamba mtihani huo unawachuja wanawake na watu weusi kuliko unavyotabiri nani atakuwa mtafiti. Nafuu, basi. Lakini mizani moja ikiondolewa sokoni, nyingine huongezewa mawe. Sasa uzito wote umehamia kwenye maelezo binafsi na barua za wadhamini. Na ada imebaki palepale: ya dola 90 ni zaidi ya shilingi laki mbili, nayo hairudi. Vipo vyuo vinavyoisamehe ukiomba. Kuomba kusamehewa ni barua nyingine.

Maelezo binafsi. Kurasa mbili za kujieleza kwa nini wewe. Sisi tumelelewa na chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bibi yangu aliisema methali hiyo mbele ya mtu yeyote aliyejisifu kupika, na wali ulipoungua aliisema tena. Mtoto aliyekulia ndani ya adabu hiyo unamwambiaje aketi aandike, nafsi ya kwanza umoja, kwamba yeye ni chema? Rasimu ya kwanza ya mpwa wangu ilikuwa na "tuli" kila mahali: tulikusanya, tulipima, tuligundua. Nilimuuliza hao wengine ni nani, maana nilijua kazi ile aliifanya peke yake. Kwao ni upande wa Meru, ambako maji ya visima yana floridi nyingi mno. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita; huko kuna visima vinavyokipita mara kadhaa, na watoto wanaoyanywa wanaota meno ya kahawia. Mradi wake wa mwaka wa mwisho ulikuwa chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Alibeba maji kwa basi katika chupa za plastiki, kwa kuwa floridi na kioo hawapatani, akazipakata safari nzima, na konda akamlipisha kiti cha pili. Uzuri wa chujio lile, na hili ndilo lililomfanya aipende kemia, ni kwamba madini yaliyomo katika mfupa uliochomwa ndiyo yale yale yanayojenga gamba la jino. Madini yale huivuta floridi, yawe mdomoni mwa mtoto au ndani ya ndoo.

Mpwa wangu naye, anapocheka, huweka kiganja mdomoni. Ameshindana na nafsi yake wiki mbili kama aandike habari ya meno yake au asiandike. Nilimwambia maprofesa wa kemia wengi huruka habari za utotoni, wanatafuta swali, njia na hitilafu. Nilimwambia hivyo kwa sauti ya mtu anayejua, na usiku nikajiuliza nilikuwa namlinda yeye au nalinda kanuni. Kwa sababu katika mambo haya hitilafu na utoto havitengani. Aliyekunywa maji yale miaka kumi na minane ni chombo cha kupimia, kimesimikwa kabla ya mradi kuandikwa.

Barua za wadhamini ni deni langu, na nitalisema haraka. Nimefundisha kemia miaka mingi na nimeziandika nyingi. Za mwanzo zilikuwa na maneno matatu: mtiifu, ana nidhamu, anawahi kipindini. Niliamini nimemvika kijana joho. Baadaye mwenzangu aliyefundisha ng'ambo akaniambia kwamba barua kama hiyo, ikisomwa kule, ni kama kumsifu mwimbaji kwa usafi wa shati. Na pembeni ya barua kuna jedwali la kuweka alama: mwanafunzi huyu umweke katika asilimia 1 ya juu ya wote uliowahi kufundisha, au 5, au 10, au 25? Nilikuwa naweka 10 kwa wale niliowapenda sana, maana aliye juu kabisa, kwa malezi yangu, ni Mungu. Wapo vijana waliosubiri jibu zuri na hawakulipata. Siwezi kujua ni wangapi niliwazuia kwa unyenyekevu wangu. Mwamba ngoma huvutia kwake, tunasema kwa kulaumu. Mimi ngoma ya wenzangu niliiwamba kwa mkono mlegevu, nikajiona muungwana.

Ninapofika hapa humkumbuka Erasto Mpemba, na si kwa sababu ile anayotajwa kwenye vitabu vya fizikia. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Trei zilikuwa chache. Mwenzake mmoja, kwa kuogopa kukosa, akatia yake bila kuyachemsha. Mpemba akaona kwamba akingoja ya kwake yapoe, trei ya mwisho itachukuliwa. Akayamimina yakiwa yanafuka, friji ikiharibika na iharibike. Saa moja na nusu baadaye yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito. Kila anayesimulia kisa hiki hukimbilia swali, kwa nini cha moto kigande kabla ya cha baridi. Mimi hunasa kwenye trei. Jambo lile kubwa lilizaliwa na uhaba wa nafasi. Mvulana mwenye friji kubwa na muda wa kutosha angengoja maziwa yapoe kama alivyofundishwa, na asingeona chochote.

Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, swali lake likawa kichekesho cha darasa, fizikia ya Mpemba, si ile ya dunia. Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, na Mpemba akasimama akamwuliza yale yale mbele ya wenzake waliokuwa wakicheka. Osborne alitilia shaka, lakini aliporudi Dar alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Physics Education, ikiwa na majina yao wawili. Wakati huo Mpemba hakuwa akisoma fizikia popote. Alikuwa chuo cha wanyamapori kule Mweka, karibu na Moshi, na kazi ya wanyamapori ndiyo aliyoifanya. Mwaka 2012 wanakemia wa Uingereza walitangaza zawadi kwa atakayelieleza vizuri jambo lenye jina lake, wakapokea majibu zaidi ya elfu 22. Mwaka 2016 watafiti wawili, Burridge na Linden, wakapima upya na kusema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba jambo lenyewe lipo. Mabishano hayajaisha. Na fomu ya Mpemba ingesomekaje? Alama za fizikia, wastani. Maoni ya mwalimu, anachanganya mambo. Katika safu ya tano ningeandika ngapi, mimi mwenyewe, na penseli yangu iliyochongwa vizuri? Najua ningeandika ngapi. Nimeandika asilimia 10 kwa walio bora.

Siku ya mwisho kwa vyuo vingi huangukia nusu ya kwanza ya Desemba, na huo ndio wakati kaskazi inaanza kushika pwani yetu. Sidhani aliyepanga ratiba alifikiria majahazi, lakini mimi sioni namna ya kutoyafikiria. Fomu zinaondoka na upepo mmoja. Kati ya Januari na Machi wengine wanaitwa kwenye mahojiano ya video, usiku wetu, mchana wao, na fundi wa bando anabembelezwa kama tabibu. Kisha upepo unalegea, bahari inakuwa bapa, mawingu ya masika yanajazana juu ya Kigamboni. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kutomlazimisha mwombaji kuchagua kabla ya tarehe 15 Aprili; kwa hiyo wiki ya mwisho kabla ya siku hiyo ndipo wenye ofa nne huachia tatu, na waliokaa kwenye orodha ya kungoja huitwa ghafla, kama abiria wa kusimama anayeona mtu mbele yake ameanza kukusanya mifuko. Zamani nahodha wa Lamu au Zanzibar aliyengoja pepo hakuuliza nafasi yake ya kufika Maskati ni asilimia ngapi. Alikagua tanga, akaziba nyufa kwa pamba na mafuta ya sifa, akamtazama maalim anayejua nyota. Riziki kama ajali, huitambui ijapo. Sisemi hivyo kwa kumtukuza. Wengi walizama, na hesabu ya waliozama haikuandikwa.

Nami nina barua moja. Bahasha ya anga, ile yenye mistari myekundu na ya buluu pembeni, ilifika katika sanduku la posta la shule niliyokuwa nikifundisha nikiwa kijana. Ilikuwa nyepesi, na mwenye kungoja anajua maana ya wepesi. Walisema waombaji wa mwaka ule walikuwa wengi na wazuri. Nilimchukia yule mwenye sahihi kwa miaka kadhaa. Siku hizi huwaza kwamba huenda hakupata hata muda wa kuisoma.

Chini ya orodha ya vyuo vya Marekani mpwa wangu alikuwa amepiga mstari mmoja, na chini ya mstari akaandika: Nelson Mandela, Arusha. Taasisi ile ya sayansi na teknolojia iko karibu na visima vyake, na floridi ni jambo linaloshughulikiwa pale kwa dhati. Mbele yake hakukuwa na ada, wala tarehe, wala asilimia. Kilichomzuia si ubora. Ni swali la nani atamlipia, maana huku posho haiji pamoja na kiti. Lakini niliona pia kwamba hakuwa ameligusa jina lile kwa raba hata mara moja. Mahali pa karibu hatupapigii hesabu. Ni kosa letu la zamani, na mimi ndiye niliyemfundisha, kwa kila hadithi ya ng'ambo niliyomsimulia akiwa mdogo.

"Sijakusikia, mjomba," alisema. Nilikuwa sijajibu. Nikamwambia alete daftari nilione vizuri, akasita, akalisukuma kwangu. Tulilipitia mstari kwa mstari. Nilimuuliza maprofesa wale wanafanya nini hasa, akaanza kueleza, mikono ikatoka mezani, kiganja kikasahau mdomo. Alieleza mpaka msikiti wa jirani ukaadhini. Alipokwenda kuwasha jiko nilifungua ukurasa wa nyuma, nikakuta vipimo vya visima vyake. Ni daftari lile lile la mradi, amelitumia kuanzia upande wa pili ili asinunue jingine. Huko alikuwa ameandika kwa wino wa buluu, kama tunavyowafundisha: maabara hakuna raba. Ukikosea unakata kwa mstari mmoja mwembamba, ili kosa liendelee kusomeka, unaandika sahihi pembeni na tarehe. Yalikuwepo makosa saba au manane, yote yamekatwa kwa unadhifu, yote yanasomeka.

Nilirudisha ukurasa. Mbele ya chuo cha nne, katika safu ya tano, karatasi ilikuwa imekwisha kutoboka, tundu dogo la ukubwa wa punje ya mtama, na ndani yake, kutoka ukurasa wa chini, ilionekana tarakimu moja ya buluu.